Hakusinzia

Mama msafishaji aliingiza mkono kwenye choo cha wageni mpaka kwenye kiwiko, akavuta bonge la nywele na karatasi. Harufu alishaizoea. Ukumbini, hatua kumi tu kutoka pale, mdogo wake alikuwa karibu kufa tena, jukwaani.

Ukumbi huo wa maigizo zamani ulikuwa kiwanda cha nyuzi. Viti sitini tu, na jukwaa puani mwa watazamaji. Mashine moja ya kusokotea waliiacha palepale, wakaisugua ing'ae. Ndiyo iliyomnasa mdogo wake mkono, miaka kumi na tisa iliyopita. Amri ya zamu ilikuwa moja: mashine haizimwi mpaka king'ora kilie. Msimamizi aliyasikia mayowe yote, na hakuzima.

Hayo mama alimsimulia mwongozaji wa mchezo kwa siku tatu. Hakudai kitu ila hilo lisemwe mbele za watu. Mwongozaji, kijana wa watu, alilia mpaka makamasi.

"Litasemwa, mama. Haki ya Mungu."

Sasa alichungulia mlangoni, maji machafu yakimchuruzika. Jukwaani, binti aliyeigiza mdogo wake alipiga miayo, akasinzia, mkono ukaingia kwenye mashine. Msimamizi akaruka kuizima huku akilia. Watu wakatoa leso. Mbele kabisa, mzee mwenye jengo, ambaye kiwanda pia kilikuwa chake, alitikisa kichwa kwa huzuni.

Alimkuta mwongozaji nyuma ya pazia.

"Mwanangu, mdogo wangu hakusinzia."

"Najua, mama. Lakini mzee alisoma mchezo kwanza, akalikataa hilo. Akitufukuza hapa twende wapi? Hata wewe kibarua kitaota nyasi."

Mama alimtazama usoni. Kichefuchefu ambacho choo hakikumtia, huyu alimtia.

"Mimi nimetoka chooni," alisema, "lakini wanaonuka ni nyinyi."

Kabla hajajibiwa, mzee alikwishapanda jukwaani akiita ndugu wa marehemu. Mwongozaji akamsukuma mama taratibu mpaka jukwaani. Mzee alimshika bega, mkono ule wenye uchafu akaukwepa.

"Tumepata somo," aliwaambia watu. "Kazini tuwe macho."

Ukumbi mzima ukasimama, ukapiga makofi.

"Hakusinzia!" mama alisema. Akarudia, sauti ikikwaruza. Makofi yakaimeza. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa karibu kiasi cha kusikia, alifuta machozi akazidi kupiga makofi.