Bendera ya Mzee Elzear

Unamshika kamba wa tope kichwani kwa mkono wa kushoto, unazungusha mkia kwa mkono wa kulia, unavuta, unaminya, nyama inadondoka kwenye karai. Verlie Guidroz alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kiasi kwamba vidole vyake viliweza kuendelea hata yeye akilia. Asubuhi hiyo hakuwa akilia. Alikuwa amekasirika, na mikato ya magamba ilikuwa inamwasha mpaka kwenye kucha.

Ilikuwa Jumanne ya Mardi Gras, siku ya msafara wa wenye vinyago wanaopita nyumba kwa nyumba kuomba kuku na kumkimbiza kwa ajili ya mchuzi wa pamoja, siku ambayo katika nyanda zile za mpunga hakuna mtu mwenye akili timamu anayefanya kazi. Lakini kesho yake Kwaresima ingeanza, nusu ya Louisiana ingeacha nyama na kudai mikia ya kamba, kwa hiyo jana yake msimamizi wa kiwanda alisimama mlangoni akatangaza: anayetaka kwenda kukimbiza kuku aende, ila Jumatano asirudi. Wanawake wote wakaja. Walikaa kwenye meza ndefu ya bati, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kupiga soga.

"Kuku wenu wa mwaka huu ana mbio?" aliuliza Ozite, aliyekaa kando ya Verlie. Ozite alikuwa mama mtu mzima, mdomo haufungi hata kwenye mazishi.

"Mwaka huu hatutoi kuku."

"We! Nyumba ya Mzee Elzear isitoe kuku?"

Verlie aliminya mkia mwingine. "Nilimpigia Curley simu Jumapili. Nikamwambia msafara upite tu, wasigeuze kwetu."

Vidole vya Ozite vilisimama. Curley alikuwa binamu yake Verlie, na ndiye kapiteni wa msafara tangu Mzee Elzear, baba yake Verlie, apigwe na kiharusi.

"Na mzee umemwambia?"

"Bado."

"Mama yangu," alisema Ozite, kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akanyamaza.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Nyumba waliyokaa Verlie na baba yake haikuwa yao tena. Shamba liliuzwa kwa kampuni ya ardhi ya mbali, nao wakabaki wapangaji katika vyumba ambavyo babu alivipigilia misumari kwa mkono wake. Kodi ilipanda. Gesi ilipanda. Chakula cha kuku kilipanda mpaka Verlie akawapunguza kuku wake mmoja mmoja, akabaki na mtetea mmoja mwekundu wa kumtagia mzee yai la asubuhi. Yote hayo aliyavumilia. Ijumaa iliyopita akaja Trent Soileau, meneja wa kampuni, na pikapu lake jeupe, akabaki amelisimamisha bila kuzima injini.

"Dada Verlie, wale watu wa vinyago wasiingie kwenye eneo. Mlevi akianguka kwenye farasi anaishtaki kampuni. Akivuka geti hata mmoja, mwisho wa mwezi mnahama. Si mimi, ni kampuni."

Hilo ndilo lililouma zaidi, kwamba si yeye. Trent alikuwa mtoto wa pale pale. Verlie alimjua tangu akitokwa na kamasi akigombania utumbo uliojazwa wali kwenye sherehe kama hizo hizo. Sasa alikuwa na shati lenye nembo kifuani, na kwake msafara ulikuwa hatari ya kisheria.

Saa sita kasoro msimamizi alikuja mezani akipangusa mikono. Mitego ilikuwa imetoa kidogo kwa sababu ya baridi, akasema, kamba wamekwisha, watu waende nyumbani. Hakuna aliyeuliza kuhusu malipo ya mchana, kwa kuwa jibu walilijua. Waliitwa kwa vitisho, wakarudishwa kwa kupungiwa mkono. Ozite alivua aproni akaitupa kwenye ndoo.

"Kumbe tungeweza kukimbiza kuku," alisema.

Verlie aliendesha gari kwenda nyumbani kati ya mashamba yaliyojaa maji. Njiani alipanga maneno ya kumwambia baba, akayapangua, akayapanga tena. Alipofika, maneno yote yalimtoka kichwani.

Mzee Elzear alikuwa amekaa barazani kwenye kiti chake cha magurudumu, amevaa joho lake la ukapiteni. Alikuwa amelivaa mwenyewe kwa mkono mmoja uliobaki mzima, na vifungo vilikuwa vimekosa matundu yake, bega moja juu, jingine chini. Amenyoa nusu ya kidevu. Magotini alikuwa na bendera nyeupe imekunjwa vizuri. Verlie alikuwa ameificha bendera hiyo nyuma ya makoti ya baridi kabatini. Mzee alikuwa ameitafuta asubuhi nzima.

"Umechelewa," alisema. Tangu kiharusi maneno yake yalitoka machache, na kila moja alilisukuma. "Wako... karibu."

Verlie alichuchumaa mbele yake akaanza kumfungua vifungo na kumfunga upya, apate pa kuangalia. "Baba, hawaji. Nilimwambia Curley apite."

"Ana kwa ana?"

"Kwa simu."

"Jibu la simu," alisema Mzee Elzear, "si jibu."

Alisema kweli, na Verlie alijua. Kapiteni huacha watu wake barabarani. Huja peke yake, hana kinyago, anavua kofia na kumuuliza mwenye nyumba kama anawapokea. Mwenye nyumba akikataa, kapiteni anashukuru na kuondoka, wala hakuna ubaya. Akikubali, kapiteni anashusha bendera, na hapo tu ndipo wenye vinyago wanaruhusiwa kuingia. Atakayetangulia bendera anachapwa mijeledi ya magunia mbele ya watu. Ndivyo walivyofanya tangu enzi za babu zao, na ombi lilikuwa la ana kwa ana. Nyumba ambayo haikuulizwa haikuwa imekataa. Ilikuwa imesahauliwa tu, na kwa mzee aliyeshika bendera ile miaka thelathini, hicho kilikuwa kifo cha kwanza kabla ya kile cha pili.

"Baba, tutafukuzwa."

"Nimesikia."

Kabla Verlie hajasimama, upepo ulileta muziki: kodiani ikikoroma, fidla ikilia juu yake, na pembetatu ya chuma ikigonga, ting ting, ting ting. Mkono mzima wa mzee ulianza kugonga gotini kwa mapigo yale yale.

Pikapu jeupe lilikuwa limeshafika. Trent alikuwa amesimama kando ya geti na simu mkononi.

"Nimekuja kuhakikisha tu, dada Verlie," Trent alisema Verlie alipomfikia. "Ofisini wanataka picha kama kuna atakayevuka. Usiniangalie hivyo. Hata mke wangu mwaka huu nimemkataza mambo haya. Darla kaenda kwa mama yake, katulia."

"Hongera," alisema Verlie.

Msafara ulitokea kwenye kona ya mfereji. Farasi kama ishirini, nyuma yao trela la wapiga muziki na la waliolewa mapema. Nguo za viraka za rangi zote, kofia ndefu zenye ncha, nyuso za wavu wa waya zilizochorwa ndevu na pua za nguruwe. Curley alikuwa mbele, uso wazi, bendera nyeupe juu. Alifika usawa wa geti. Verlie aliomba kimoyomoyo apite, na kimoyomoyo hicho hicho akaomba asipite.

Curley alivuta hatamu. Aliangalia barazani, akaona joho. Akashuka kwenye farasi, akavua kofia, akaja getini kwa miguu, upande wa barabara.

"Habari za mchana, binamu. Najua ulichoniambia. Lakini siwezi kuipita nyumba ya mjomba bila kuuliza, usiku nisingelala. Nakuuliza kama inavyotakiwa. Mtatupokea?"

"Keshakwambia hapana," alidakia Trent. "Hii ni mali ya kampuni."

Curley hakumgeukia. "Namuuliza mwenye nyumba."

Muziki ulikuwa umenyamaza. Verlie aliangalia geti, minyororo yake, mkono wake mwenyewe wenye mikato juu ya komeo. Aliwaza mwisho wa mwezi, na vitanda viwili vikiwa juu ya gari, na mahali pa kuvipeleka hakuna. Halafu akawaza kwamba kiwandani alikubali, kwa kampuni alikubali, kwa kodi alikubali, kila aliyemwamrisha alikubali, na leo kwa mara ya kwanza mwaka huo mtu amemvulia kofia na kumuuliza.

"Tunawapokea," alisema, akafungua geti.

"Dada Verlie!"

"Karibuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Curley hakushusha bendera. Aligeuka kuelekea barazani akaishikilia vile vile juu, akasubiri. Ilichukua muda kwa Verlie kuelewa. Mzee Elzear alielewa papo hapo. Aliinua bendera yake kwa mkono mmoja, ikayumba, ikapanda, akaituliza hewani mpaka kila mtu ameiona. Kisha akaishusha.

Wakaingia. Waliacha farasi barabarani, wakaingia kwa magoti, kwenye tope, kama waombaji, wakiimba ule wimbo wa kuomba ambao una huzuni ya msiba hata waimbaji wakiwa wamelewa. Waliuimba kwa Kifaransa cha mababu, kile kile ambacho Mzee Elzear alichapwa shuleni kwa kukizungumza akiwa na miaka saba. Walimpigia magoti mzee, wakamgusa mabuti, wakamwibia kofia, wakamrudishia. Mzee alilia waziwazi, na nusu ya uso wake iliyobaki hai ilikuwa inacheka.

Verlie alileta mtetea mwekundu. Alimbusu kichwani, akamrusha juu.

Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Mtetea aliyekuwa akitembea kama mjane alikimbia kama mwizi wa sokoni. Alipita chini ya gari, akaruka mfereji, akawaangusha watu watatu wazima, na wa nne akaingia kwenye maji ya mpunga mpaka kiunoni. Trent alikuwa akizungukazunguka na simu yake akipiga picha. Kila alipoielekeza, wenye vinyago walijipanga vizuri, mikono viunoni, kama wako studio.

"Majina!" alifoka. "Nataka majina yenu!"

"Mimi naitwa Jirani!" alisema mmoja kwa sauti nyembamba ya kujigeuza, maana mwenye kinyago haongei kwa sauti yake.

"Mimi shemeji yake Jirani!"

Mwingine, mfupi, mwenye uso wa jogoo, alimjia Trent kwa magoti, akamkumbatia miguu, akanyoosha kiganja na kukidonoa kwa kidole kama wanavyoomba. "Sarafu ndogo, bwana mkubwa! Kasarafu kadogo tu!"

"Niachie, wewe!" Trent aliinamisha simu ampige picha. Verlie, aliyekuwa hatua mbili tu, alimwona akiganda. Alikuwa akitazama mabuti ya yule mwombaji. Mabuti mekundu, ngozi safi, yenye maua ya uzi mweupe. Verlie alikuwa ameyaona mabuti hayo kanisani wakati wa Krismasi, na parokia nzima ilisikia bei yake kwa kuwa aliyeyanunua hakuacha kuitaja.

"Darla?" alinong'ona Trent.

"Leo sina jina, bwana mkubwa," ilisema ile sauti nyembamba. "Piga picha. Uipeleke ofisini. Wakikuuliza huyu nani, utawaambia. Au hutawaambia?"

Trent alisimama na simu imeinuliwa. Mtu mzima, amevaa nembo kifuani, ameshikwa miguu na mke wake mbele ya kata nzima, na nusu ya kata ilikuwa imeshayatambua mabuti. Verlie alihisi kicheko kikimpanda, akakibana kwa mkono, na pamoja na kicheko kitu fulani kilimlegea mabegani ambacho kilikuwa kimekaza tangu Ijumaa. Trent aliteremsha simu. Akafuta, akafuta, kidole kikienda haraka. Kisha akatoa noti akaiweka kwenye kile kiganja.

"Farasi hakuingia," alimwambia Verlie bila kumtazama.

"Hata mmoja."

"Na sikuona mtu."

"Ungemwonaje? Wamevaa vinyago."

Mwenye uso wa jogoo ndiye aliyemkamata mtetea mwishowe, kwa kujilaza juu yake kwenye tope.

Jioni, ukumbini, sufuria za gumbo, ule mchuzi mzito wa kuku, zilikuwa zinatoa mvuke, na nyama ya mtetea ilikuwa imechanganywa na ya nyumba nyingine zote zilizotoa. Mzee Elzear alikaa karibu na kodiani, joho limefungwa sawa. Verlie alishika upawa. Alijua kwamba kesho saa kumi na moja alfajiri atakuwa kwenye meza ya bati na majivu ya Kwaresima kwenye paji la uso, na kwamba kampuni haina mke wala mabuti ya kuiaibisha, siku moja itamtuma mwingine asiye wa hapa. Lakini mwisho wa mwezi huu walikuwa na pa kulala. Mwili wote ulimwambia hivyo, akaona hata upawa ni mwepesi.

Foleni ilisogea. Mbele yake akasimama Trent Soileau na bakuli, shati la nembo kalivua, kavaa la kawaida. Nyuma yake Darla alikuwa anatazama dari.

Verlie alimwekea wali. Kisha alichovya upawa chini kabisa, akatafuta kwa subira, mpaka akaipata shingo. Shingo ya mtetea mzee wa mayai, ngumu kama kamba ya kufungia mashua. Akaiweka juu ya wali, akamwagia mchuzi mwingi, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Trent alianza kula pale pale, kwa aibu. Akatafuna. Akatafuna tena.

"Polepole, bwana," Verlie alimwambia. "Huyo alikuwa wa mwisho."