Spana Zilizolala

Jumamosi saa tatu asubuhi, Kinyozi alitandika shuka kuukuu kwenye sakafu ya banda la gari, akapanga juu yake spana ishirini na nne alizonunua zikiwa zimetiwa kwenye mfuko katika duka la bei poa, kuanzia kubwa hadi ndogo, kama alivyozoea kupanga vitana. Kibanda chake cha kunyoa alikuwa amekifunga miaka miwili nyuma, magoti yalipogoma kusimama, lakini jina lilibaki. Hata mkewe alimwita Kinyozi, hasa akiwa na jambo la kumsema. Mbele yake gari dogo la rangi ya maziwa lilikuwa juu ya jeki na matofali. Lilikuwa na miaka minne halijatoka humo bandani, na ugonjwa wake ulijulikana: klachi imekufa, na ili kubadilisha klachi lazima giaboksi ishuke.

Tena ilibidi ishuke kabla ya tarehe mosi. Binti yake wa pekee alikuwa akifanya kazi kiwandani, nyuma ya kituo cha reli, na kiwanda kilikuwa kimebandika tangazo kwamba kuanzia tarehe mosi zamu ya mchana itamalizika nusu saa baada ya basi la mwisho kuondoka. Kutoka kule hadi nyumbani ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Binti tayari alikuwa anarudi hoi bin taabani. Alikula amefumba macho, na juzi alikuwa ameliamkia kabati la vyombo shikamoo, akangoja liitikie. Kinyozi alikula kiapo kwamba mwanawe hatatembea njia ile hata siku moja. Kiwanda kile kinatengeneza nini hasa, hakuwahi kuuliza sawasawa. Vyuma, binti aliwahi kusema, na jibu hilo lilimtosha.

Bolti ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka. Kwenye ya tatu, spana namba kumi na saba ilipiga miayo, ikalegea shingo, ikalala mkononi mwake.

Kinyozi hakushtuka. Miaka thelathini watu walikuwa wamelala kwenye kiti chake, wengine hata kabla hajawafunga kitambaa shingoni, na kanuni ya kazi ilikuwa moja: mteja aliyelala haamshwi, unamzunguka. Aliilaza spana kwenye shuka, akaifunika kwa taulo, akachukua nyingine. Nayo ikazungusha nusu mzunguko, ikalala. Kufika saa sita mchana zote ishirini na nne zilikuwa zimelala usingizi wa pono, zile kubwa zikikoroma kwa sauti nzito, zile ndogo zikipiga mbinja.

Mkewe alikuja na chai, akachungulia.

"Zimekufa?"

"Zimelala."

"Ndiyo bei poa hiyo. Nilikwambia, Kinyozi. Mkasi wa kichwa cha mtu ulinunua wa bei mbaya, gari la mwanao unalinunulia vitu vya kwenye mfuko." Lakini alisema kwa sauti ya chini, na alipotoka aliurudisha mlango taratibu.

Jumatatu Kinyozi alizifunga kwenye shuka lake, akazibeba mpaka dukani. Muuzaji hakuhitaji kuelezwa. Alitega sikio kwenye furushi, akatikisa kichwa.

"Hizi zinalala, mzee wangu. Zote ziko hivyo."

"Basi nirudishie pesa, au nibadilishie."

"Dhamana ni ya kilichovunjika. Kulala si kuvunjika." Akamwonyesha kabati la kioo lenye kufuli ukutani. "Ukitaka zisizolala, ziko zile pale, zenye chapa."

Kinyozi alisogea akasoma bei. Aliisoma mara mbili, akidhani ni namba ya simu.

Aliwaza njia nzima. Kufika nyumbani alikuwa amekata shauri la kumwendea jirani, jambo ambalo hakuna mtu mtaani alilifanya kwa hiari. Jirani huyo walimwita Bwana Sanduku, kwa sababu ya sanduku lake jekundu la vifaa vya chapa ile ile ya kabati la kioo, kila spana imelala kwenye shimo lake la kitambaa laini. Hakuwa na gari. Kila Jumapili alilitoa sanduku barazani, akafuta spana moja moja kwa kitambaa cha miwani, akazihesabu, akafunga. Kumwazimisha mtu hakumwazimisha.

"Nitakunyoa bure mpaka mmoja wetu azikwe," Kinyozi alisema.

Bwana Sanduku alijipapasa upara.

"Hapo umeniuzia mbuzi kwenye gunia, jirani."

"Basi fikiria binti yangu. Atatembea na giza lile peke yake, macho hayaoni kwa usingizi. Nakuomba."

Bwana Sanduku alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba spana itakuwa moja tu, namba kumi na saba, na yeye mwenyewe atakuwepo muda wote. Alhamisi alikuja na kiti chake kutoka nyumbani, akakiweka mita moja kutoka kwenye gari, akakaa, mikono juu ya magoti.

Spana ya chapa ilifanya kazi. Haikupiga miayo wala haikulegea shingo. Ilifungua bolti ya tatu, ya nne, ya tano, mpaka ya nane, bila kusita.

"Unaona?" Bwana Sanduku alisema. "Kitu cha bei kinajitambulisha chenyewe."

Baada ya ya nane, spana ilirudi kwenye ya tatu na kuanza kuikaza. Ikakaza zote mpaka mwisho. Halafu ikaanza tena kuzifungua, kwa bidii ile ile.

"Ina moyo wa kazi," alisema Bwana Sanduku, safari hii kwa sauti iliyopungua.

Kinyozi aliisimamisha, akaiwekea kiganja, pale ambapo kwa binadamu pangekuwa kisogo. Alikuwa na miaka thelathini ya visogo. Kuna mteja anayelala akaangusha kidevu kifuani, na kuna mwingine anayelala mgongo umenyooka, macho wazi kwenye kioo, na ukimwuliza kama upunguze pembeni anasema ndiyo, ukimwuliza kama unyoe nyusi anasema ndiyo. Huyo wa pili ndiye wa kumwogopa, maana akiamka ndipo anauliza nyusi zake ziko wapi.

"Hii nayo imelala," alisema.

"Haiwezekani!" Bwana Sanduku alisimama. "Hii niliinunua kwa mshahara wa miezi miwili!"

"Imelala, jirani. Ila imefundishwa adabu."

Hapo ndipo spana ilipoanza kusema, chini chini, kama mtu anayeota. Mia nne na kumi na moja. Mia nne na kumi na mbiri. Mia nne na kumi na tatu. Bwana Sanduku alisikia namba tu. Kinyozi alisikia sauti ya mtoto aliyemfundisha kuhesabu kwa vishikizo vya shati, anayesema "mbiri" badala ya "mbili" mpaka leo. Alikaa chini kwenye sakafu, kwenye mafuta.

Jua lilikuwa linazama binti aliporudi. Alimwamkia baba yake kwa usahihi, akavua viatu, akaona spana zimepangwa kwenye shuka zinakoroma, na moja inayong'aa inahesabu peke yake.

"Ala," alisema. "Kumbe unanunua za kwetu."

"Za kwenu?"

"Tunazitengeneza sisi, baba. Si nilikwambia vyuma?" Aliinama akazigeuza moja moja, kama mtu anayekagua nguo zake kwenye kamba. "Hizi ni za jioni. Msimamizi akishakwenda ofisini kwake tunasinzia tu, na usingizi unaingia humo humo chuma kikiwa bado cha moto. Hizo zinatiwa kwenye mfuko."

"Na hii ya Bwana Sanduku?"

"Ya asubuhi hiyo. Asubuhi msimamizi anapita nyuma ya migongo yetu, kwa hiyo tunalala wima, macho wazi. Hizo zinapelekwa kugongwa chapa."

"Chuma tofauti lakini," alisema Bwana Sanduku, ambaye hakuwa amebanduka kwenye kiti chake.

"Chuma kimoja, baba mdogo. Mashine moja. Na mimi ni yule yule mmoja."

Bwana Sanduku alifikiria. Kisha aliichukua spana yake, akaifuta, akasema kwamba hata hivyo ya kwake ni ya asubuhi, akaenda nayo nyumbani kwake bado inahesabu.

Kinyozi alibaki akimtazama mwanawe. Alikuwa ameuona uchovu ule kila jioni mezani, akautafutia sababu nyepesi, akamwambia apunguze kukesha na simu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Kwa hiyo usingizi wako uko humu," alisema.

"Wangu na wa wenzangu. Hii inayokoroma kama trekta ni ya dada wa mashine ya pili. Yeye ana watoto wanne."

"Na kuutoa?"

Binti aliinua mabega. Labda mwenyewe akilala akashiba usingizi, na hilo kiwandani hakuna aliyewahi kuwa na muda wa kulijaribu.

Jumapili ilikuwa siku yake ya mapumziko, na siku ya mwisho kabla ya tarehe mosi. Mama alitandika godoro bandani, kando ya gari, akazipanga spana kulizunguka. Binti alilala saa moja asubuhi, na sio kulala kwa kuibia. Alilala kwa kujitupa, mdomo wazi. Saa mbili na robo spana namba kumi na nne ilifumbua macho, kwa kukosa neno bora zaidi la kusema hivyo, na Kinyozi akaichukua. Saa tatu zikaamka mbili nyingine. Kila alivyozidi kulala ndivyo zilivyozidi kuamka, nyepesi, kali, zinauma nati kwa hamu. Mama alikaa mlangoni na upepeo, akiwafukuza nzi na majirani. Mara mbili alijifuta macho akasema ni moshi, na hakukuwa na moshi.

Namba kumi na saba, ile inayokoroma kama trekta, haikuamka, kwa kuwa usingizi wake haukuwa wa binti. Kinyozi hakuidai. Aliizunguka, akatumia koleo na subira. Saa nane giaboksi ilishuka. Saa tisa klachi mpya ilikaa. Saa kumi na moja na nusu, binti akiwa hajageuka hata ubavu, giaboksi ilirudi mahali pake, na Kinyozi akashusha jeki, akaingia garini, akaogopa kuwasha. Mkewe alimkazia macho.

"Washa, Kinyozi. Akiamka, ameshalala siku nzima. Lini alipata hiyo?"

Aliwasha. Gari likakohoa, likaitikia. Binti aliamka, akaketi kwenye godoro, akaangaza huku na huku kwa uso ambao wazazi wake walikuwa hawajauona kwa muda mrefu, uso wa mtu aliyepo. Alicheka. Akasema ana njaa, akala sahani mbili macho yakiwa wazi, akamkosoa baba yake kwa kubakiwa na nati tatu mkononi. Kinyozi alisema gari lolote likifunguliwa hubakisha nati tatu. Usiku ule alilala kama mtu aliyemaliza kazi.

Tarehe mosi, jioni, basi la mwisho lilipita tupu, na nusu saa baadaye geti la kiwanda likafunguliwa. Kinyozi alikuwa ameegesha karibu kabisa, dirisha chini, amevaa shati la kutokea. Wanawake walianza kutoka, wakaingia barabarani kwa miguu, mmoja mmoja, kila mmoja na njia yake. Binti aliliona gari, akapunga mkono kama mtoto anayechukuliwa shuleni. Kinyozi alijiona tajiri.

Msimamizi alitoka nyuma ya binti na daftari mkononi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alilizunguka gari, akagonga boneti kidogo kwa kidole.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye baba yake?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Hongera. Wazazi wengi hawajali." Alifungua daftari, akatafuta jina, akaweka alama ndogo kando yake. "Wenye usafiri wao tunawapangia zamu ndefu, ile inayoongeza saa mbili. Hawa wengine nawaonea huruma, wanatembea. Wewe ukija, kwa mfano, saa mbili baadaye kuanzia kesho, hutapata tabu ya foleni."

Kinyozi alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, mengi, lakini binti alikuwa ameshaingia, ameshika mkanda, na kwa jicho akamwomba asiyatoe. Ile ndiyo kazi aliyonayo. Kinyozi aliyameza.

"Gari zuri," msimamizi alisema. "Lina viti vingapi?"

"Vitano," alijibu Kinyozi, maana ni swali alilojibu kwa fahari tangu jana.

Msimamizi alihesabu kwa kalamu, akatoa cha dereva, akatoa cha binti, akageukia barabarani ambako wale wanawake walikuwa hawajafika mbali. Akawaita watatu kwa majina, na wa kwanza kugeuka alikuwa dada wa mashine ya pili. Walirudi mbio. Walifungua milango ya nyuma, wakamwamkia Kinyozi kwa pamoja, wakamwambia, "Mungu akujalie, baba, umetuokoa na mwendo." Msimamizi aliweka alama tatu nyingine kwenye daftari, akamshukuru, akalifunga.