Mgongo wa Transfoma

Studio yangu ya picha pale Navakholo ni chumba kimoja chenye viti sita, na siku ya soko hukaliwa na watu kumi na wawili. Kuna waliokuja kupigwa picha za kitambulisho na kuna waliokuja kujua nani ameachwa na nani. Siwafukuzi. Habari nyingi za hapa hupitia kwangu kwanza ndipo zifike kanisani.

Kwa hiyo Jumatatu ile, siku mbili baada ya fahali kupigana, Nafula muuza nyanya aliniletea habari ikiwa bado moto.

"Beldina, kesho asubuhi Khaemba mchinjaji anaenda kwa mama Phoebe. Anamchukua Lokdauni."

Lokdauni ni fahali. Alizaliwa mwaka ule wa korona. Mume wa Phoebe alimlea kwa molasi na majani ya miwa, akafa kabla hajamwona uwanjani. Phoebe akaendelea naye. Wanaume wakasema mjane hafugi fahali wa kupigana, huyo avute jembe. Phoebe akawaambia jembe wavute wao.

Sheria ya uwanja wetu ni moja. Fahali hashindwi kwa damu wala kwa kuanguka. Anashindwa akigeuza mgongo. Akigeuka mara moja tu anapelekwa kwa mchinjaji kabla wiki haijaisha, maana wenye fahali wanaamininga kwamba woga huambukiza zizi zima.

Jumamosi Lokdauni alikutana na Transfoma, fahali wa mzee Patroba, mwenyekiti wa kamati ya uwanja. Ilikuwa saa moja asubuhi. Umati wote ulisimama upande wa barabara, jua likiwapiga machoni, simu juu. Mimi nililala kifudifudi upande wa miwa na kamera yangu. Harusi ndizo zinazonilisha, lakini fahali nimewapiga picha miaka minane kwa sababu nawapenda. Ngoma za isikuti zikalia, pembe zikagongana, watu wakavamia katikati, na vumbi lilipotulia Lokdauni alikuwa anakimbia kuelekea mtoni. Kamati ikampa Transfoma ushindi. Simu za watu zilikuwa zimechukua vumbi na kelele.

Nafula aliposema hivyo ndipo nilipofungua kamera, mbele ya wote waliokuwa kwenye viti; ilikuwa na picha tisa za muda ule mfupi. Nilipoifikia ya nne nikakaa chini. Transfoma amegeuka, mgongo wote wazi, mkia juu. Lokdauni bado ameinamisha pembe, na nyuma yake Osiako, mtu wa Patroba, ameinua rungu. Katika ya tano rungu limetua kiunoni mwa Lokdauni. Ni katika ya sita ndipo anaanza kukimbia.

Nafula alikuwa hajamaliza soda yake Patroba alipoinama mlangoni, kofia mkononi.

"Mulembe, Beldina. Nasikia uko na picha."

"Mulembe, mzee. Umesikia wapi?"

"Hii nyumba yako haikaangi na siri. Toa watu nje tuongee."

"Hawa hawatoki, mzee. Wakikosa kusikia leo watanisumbua wiki nzima."

Nafula akamsogezea kiti. Patroba hakukaa.

"Hizo picha futa."

"Kwa harusi ya binti yako Gentrix kuna picha umelala kwa kiti, mdomo wazi," nikamwambia. "Hiyo nilifuta mwenyewe, kwa heshima yako. Hii sifuti."

Mtu akakohoa kuficha kicheko. Patroba akageuza kofia yake mikononi.

"Basi mapigano ya Disemba hutakanyaga uwanja. Mimi ndio kamati. Na mwanamke hata hakutakiwa kulala pale chini."

"Lakini mzee, wewe ulikuwa karibu kuliko mimi. Hukuona Transfoma akigeuka?"

"Vumbi lilikuwa jingi."

"Upande wangu halikuwa."

Akaondoka bila kuaga. Nafula akahama na kukalia kile kiti alichokikataa mzee, akaniuliza karatasi kubwa kabisa niliyo nayo ina ukubwa gani.

Nilichapisha tatu: ya nne, ya tano na ya sita. Asubuhi tukafika kwa Phoebe mapema, mimi, Nafula na nusu ya soko. Phoebe alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, mkono kwenye shingo ya fahali, macho makavu.

"Kama umekuja kumpiga picha ya mwisho, mwanangu, rudi," akasema.

"Sijaleta kamera, mama. Nipe vibanio vya nguo."

Nikazianika picha kwenye kamba yake, kati ya shuka na leso.

Khaemba alikuja na kamba begani. Patroba alikuwa nyuma yake, maana lazima kamati ishuhudie fahali akitolewa. Khaemba akaona watu, akaona picha, akasogea. Alizitazama kama anavyotazamanga ng'ombe kabla ya kumnunua, kutoka miguu kwenda juu.

"Hizo zimechezewa na kompyuta," Patroba akasema.

"Mzee, hii alama ya moto kwa paja la Transfoma nilikuwepo ikichomwa." Khaemba akaweka kidole kwenye picha ya nne, kisha ya tano. "Na huyu ni Osiako. Hata shati lake ni lile la Jumamosi."

Lokdauni akapiga kwato chini, labda ni nzi tu.

"Mimi huyu simchinji," Khaemba akasema, akianza kuizungusha kamba mkononi. "Nyama yake itaning'inia mpaka ioze. Nani hapa atakula fahali aliyeshinda?" Alipomaliza kuikunja akamgeukia mwenyekiti. "Ama tuende kwako, mzee? Wiki haijaisha."

Patroba akavaa kofia yake na kushika njia. Phoebe akamletea Lokdauni molasi, kisha akatuambia tuketi, chai iko jikoni. Tukakaa mpaka sufuria mbili zikaisha.

Ijumaa kamati iliniandikia barua yenye muhuri. Inasema nisionekane uwanjani Disemba, mimi na kamera yangu. Nimeibandika kwenye mlango wa studio, chini ya picha ya nne, ili watu wawe na cha kusoma wakisubiri zamu. Halafu nikaenda upande wa miwa kuangalia pale nitakapolala na kamera Disemba.