Droo ya Kasanda

Ukurasa wa tovuti yao ulionyesha majina ya masoko, lakini mahali pa bei palikuwa patupu. Hapakuwa na ujumbe wa kosa. Majaliwa alikuwa akiutazama tangu jana asubuhi katika duka lao la kuchapa na kudurufu pale Kibondo, na wanunuzi wa maharage walikwisha kuahidiwa bei kwenye simu zao.

Mkewe akafungulia ujumbe wa sauti, wala hakuuficha.

"Rabia, kiolezo chako, ile hati inayopanga ukurasa, kinasema bei, nukta, soko. Basi kinatafuta ufunguo wenye jina soko. Hakijui kwamba soko linalotakiwa hapo ni Kasulu au Kakonko. Andika kichujio, programu ndogo tu. Kipe kamusi, yaani orodha yenu ya bei, na ufunguo, yaani jina la soko, kikurudishie bei yake."

Alikuwa Hilali, muuza simu wa Kasulu aliyesoma na Rabia. Majaliwa aliyaelewa maelezo yote. Kilichomkera ni lile jina, Rabia. Mjini hapa kila mtu humwita mkewe Mama Tunu, hata Majaliwa mwenyewe.

"Ulimtafuta lini?"

"Jana, ulipoinunia kompyuta ukaondoka bila kuiaga."

"Mimi ndiye niliyekufundisha, Mama Tunu."

"Kwani nimesema ni yeye?"

Majaliwa hakukigusa kichujio cha Hilali. Aliandika kila soko kwa mkono: bei nukta Kasulu, bei nukta Kibondo, bei nukta Kakonko. Bei zikatokea.

"Umeona?"

"Nimeona. Na masoko yakiongezeka?"

"Nitaandika."

Wiki iliyofuata Rabia aliiingiza bei ya soko jipya, Kasanda, kwenye kamusi, kama alivyoingiza nyingine. Jumamosi akapiga simu Philomena, mkulima wa huko, sauti yake ikisikika duka zima.

"Mama Tunu, mmetufuta? Lori la wanunuzi limepita kwetu bila kusimama. Dereva anasema kwenye ukurasa wenu Kasanda haipo."

Rabia alimwomba radhi, akaweka simu chini. Mstari wa Kasanda Majaliwa hakuwa ameuandika.

"Mpigie Hilali," alisema Majaliwa. "Si ndiye anayejua."

"Wa nini? Hebu sogea."

Rabia akaketi, akaandika mistari michache huku akieleza. "Kamusi ni kabati la droo. Nukta inakwenda kwenye droo iliyobandikwa neno hilohilo uliloliandika. Kichujio kinauliza kwanza, safari hii tunataka droo ya nani?"

"Hayo ya kabati ni maneno yangu."

"Ndiyo niliyomweleza Hilali. Bila hayo asingeielewa shida yetu."

Kasanda ikatokea, na bei yake pembeni. Majaliwa aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Simu ya Rabia ikaita. Hilali.

"Pokea," alisema. "Mwambie imekubali." Akaisukuma simu kwake. "Na mwambie unaitwa Mama Tunu."

Rabia akacheka, akamwekea simu kiganjani.

"Mwambie mwenyewe, Baba Tunu."

Majaliwa akabaki ameishika, nayo ikaendelea kuita.