Kitambaa Juu ya Kioo

Saa sita haijafika, na fundi sauti aliyeitwa Masikio alikuwa ameshabadilisha nyaya zote za ukumbi mara tatu. Nyaya zenyewe hazikuwa na kosa lolote, lakini ungemwambia hivyo angekumeza mzima.

"Kuna blanketi humu ndani," alisema, akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Sauti imefunikwa. Naisikia kabisa imefunikwa."

Jukwaani, bintiye kitindamimba alisimama nyuma ya meza iliyojaa mashine zake za muziki, visanduku vyenye vitufe na vitaa na waya zilizosokotana. Huyo hapigi gita wala ngoma. Muziki wake wote hutoka humo. Nyumbani walimwita Kinanda tangu akiwa na miaka minne, kwa sababu alibonyeza kila kitu, mpaka vifungo vya shati la mgeni. Leo saa kumi alasiri ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga mbele ya watu, viti mia tatu. Wenye ukumbi walitaka kumpa fundi wao. Alikataa katakata. "Nataka Baba," alisema, na Masikio alipoambiwa, wiki nzima alitembea kifua mbele utadhani kaoa upya.

"Baba, zinachoma," Kinanda alisema sasa. "Sauti za juu, zinachoma."

"Zinachoma wapi, mama? Zimezama! Ngoja nikupandishie kidogo."

"Umeshapandisha mara nne."

"Fundi ni nani hapa?"

Binti akainamia vitufe vyake. Adabu alikuwa nayo, ila alivibonyeza kwa nguvu.

Muziki wa mashine hauna huruma, jamani. Mwimbaji akikwaruza, watu humwonea imani, husema maskini, mafua. Mashine haina mafua. Besi ikizidi, wimbo wote unakuwa uji. Sauti nyembamba zikizidi, watu wanatoka mmoja mmoja wakisingizia simu. Masikio aliyajua hayo kuliko yeyote, na alikuwa na desturi yake. Akifika kazini, kabla hajagusa kitu, alitoa kitambaa cheupe mfukoni akafunika kioo cha meza ya sauti, kile kinachoonyesha sauti kwa mistari, besi kushoto na nyembamba kulia. "Sauti haitazamwi," aliwaambia mafundi wadogo. "Wewe ukipewa picha ya chakula unashiba?" Miaka thelathini kitambaa hicho hakikufunuliwa hata siku moja kabla kazi haijaisha. Macho kwake yalikuwa ya kumwepusha na mashimo barabarani, basi.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomtafuna, la nyumbani. Mkewe alivaa bangili saba nyembamba tangu siku ya harusi, na kwa zile bangili Masikio alijua kila kitu: sasa anakunja nguo, sasa anafunga mlango, sasa kakasirika. Karibu mwaka sasa, kimya. Kazivua. Kumuuliza hakuthubutu, maana ukimuuliza mwanamke swali la namna hiyo utapewa jibu. Alipekua dhambi zake zote, akakuta chache, lakini hakuna iliyofikia kiasi cha bangili saba. Akawa analala akiutazama ukuta, roho haitulii.

Saa nane Kinanda alitoka kwenda kubadilisha nguo, na subira ya Masikio ikafika mwisho.

"Spika ndogo za juu zimekufa!" alitangaza. Akaleta ngazi, akapanda, akagonga, akashuka, akapanda tena. Mwisho akaamua kuzijaribu kwa ule mlio wa majaribio unaoanza chini, mzito kama ng'ombe, kisha unapanda polepole mpaka unakuwa mwembamba kuliko mbu. Ukumbini hakuwepo mtu ila mama mmoja mfagiaji akipanga viti.

Mlio ukapanda. Ukapanda. Ukakatika.

"Si nilisema?" Masikio akajipiga paja. "Zimekufa!"

Kishindo kikamfanya ageuke. Mfagiaji alikuwa ameangusha ufagio na kuziba masikio kwa viganja.

"Zima hiyo, Fundi! Inanitoboa kichwa!"

"Nizime nini? Imeshakatika."

"Imekatika wapi? Wee baba, zima nakwambia!"

Masikio alibonyeza kitufe. Mfagiaji akashusha mikono. Akabonyeza tena, mikono ikarudi masikioni. Akazima, ikashuka.

"Unanichezea?" mfagiaji alifoka.

Hakuwa akimchezea. Akakaa kwenye kiti cha karibu. Spika zilikuwa nzima. Nyaya zilikuwa nzima. Kibovu ni yeye, na asubuhi yote hiyo alikuwa akimpandishia mwanawe sauti kali kama sindano. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, na akaona aibu, tena aibu ya kutaka kutoroka kwa mlango wa nyuma. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo. Lakini hapa wa kuumbuka si yeye. Ni binti yake, mbele ya watu mia tatu.

Kinanda aliporudi, alimkuta baba yake amesimama mbele ya meza ya sauti, kitambaa mkononi. Kioo kilikuwa wazi, kinawaka. Binti akasimama palepale.

"Baba?"

"Sauti za juu sizisikii, mama," Masikio alisema haraka, maana angesema polepole asingemaliza. "Sijui tangu lini. Hazikuzama, mimi ndiye niliyezama. Kama unamtaka yule fundi wao, mwite, bado kuna muda. Sitanuna."

Kinanda alikitazama kile kitambaa.

"Nilisema nataka Baba," alisema. "Sikusema nataka masikio. Hebu shusha hizo za juu, tuanze upya."

Basi wakaanza upya, saa moja na nusu tu mkononi. Besi aliishika mwenyewe, huko hakuna aliyemfikia. Za juu aliziwinda kwa macho, mstari kwa mstari, miwani ikiteleza puani, na mfagiaji aliwekwa safu ya tatu na kuambiwa: ikichoma, nyanyua mkono. Lo! Mama yule alikuwa mkali kuliko mkaguzi. "Bado!" aliita. "Bado, Fundi, bado inauma!" Masikio alitokwa jasho mpaka kwenye viwiko, mpaka mkono ule ulipotulia mapajani.

Saa kumi ukumbi ukajaa. Mkewe alikuja akakaa nyuma yake, kajitanda shuka lake kwa sababu ya baridi ya mashine ya hewa. Besi ilitembea chini ya viti bila kukanyaga mtu. Hakuna aliyetoka. Kila dakika Masikio alitamani kugusa kitu, na kila dakika aliuzuia mkono wake wa kulia kwa wa kushoto.

Kwenye wimbo wa mwisho Kinanda alishusha kila kitu, kimoja kimoja, mpaka kwa Masikio kukawa kimya kabisa. Moyo ukamlipuka: mashine imezima! Lakini kule mwisho wa kioo, kulia kabisa, vijistari vilikuwa vikirukaruka, vidogo, vya haraka. Akainua macho. Watu mia tatu walikuwa wameinama mbele, hawapumui. Mfagiaji alikuwa akitabasamu. Kisha vijistari vikalala, na makofi yakapasuka.

Binti alimjia mbio, jasho linamtiririka.

"Kile cha mwisho," Masikio alimuuliza, "kilikuwa nini?"

Kinanda akamtazama mama yake, kisha baba yake.

"Bangili za Mama. Nilimrekodi mwezi uliopita, akikunja nguo."

"Mwezi uliopita?"

"Kwani nimezivua lini mimi?" mkewe alisema, na akatoa mkono ndani ya shuka.

Zilikuwepo, zote saba, kwenye mkono ambao mwaka mzima aliusikiliza tu bila kuutazama. Masikio alimshika mkono kwa vidole viwili, kwa uangalifu, namna anavyoshika waya asioujua.

"Zitikise," alimwambia.

Mkewe akazitikisa. Masikio aliinama karibu, akavaa miwani yake vizuri, akazitazama.