Mstari wa Juu wa Presha Yangu

Nilipokuwa fundi wa lifti niliwahi kushuka ghorofa kumi na moja nikining'inia kwenye kebo, kikombe cha chai mkononi, na halikumwagika hata tone. Mke wangu husema jengo lile lilikuwa na ghorofa nne. Haya, nne nazo si haba.

Nilipostaafu nikajifundisha mwenyewe kuandika programu za kuchora grafu. Daktari aliposikia, akaniagiza nipime presha kila siku mwezi mzima, nimletee picha yake. "Namba ya juu ikizoea kuvuka mia moja sitini, mzee, baiskeli utaiweka kando."

Bila baiskeli mimi ni kuku aliyefungwa mguu. Na namba ya juu ilivuka kama mbuzi anayeruka ua.

Sikubadilisha hata namba moja. Mimi huongopa kwa mdomo tu. Ila kwenye programu ni wewe unayeamua mstari uonekane vipi: rangi, unene, uwe mzima au wa nukta nukta. Mstari wa chini, uliotulia kwenye tisini na tano, nikaupa weusi na unene wa kamba. Wa juu nikaupa njano iliyopauka, unene wa nusu, nukta nukta. Maelezo ya upi ni upi nikayafuta, eti yanabana nafasi.

Mke wangu akachungulia. "Huu wa juu mbona kama manyoya ya kifaranga?"

"Ndiyo mtindo wa siku hizi."

"Mtindo! Utajuana na daktari wako."

Kliniki tulikwenda wote wawili, na muuguzi akaichapa grafu kwa printa yenye wino mweusi uliochoka. Daktari akaishika karatasi, akakunja uso.

"Mzee, presha tisini na tano? Mwezi mzima? Husikii kizunguzungu?"

"Labda mama watoto akiniita kwa jina langu kamili."

Hakucheka. Akachukua kalamu. "Basi dawa unazokunywa zinakushusha mno. Tunazisimamisha leo."

Nikaiangalia karatasi. Mstari wa juu haukuwepo, hata nukta. Daktari alikuwa anausoma wa chini akidhani ndio wa juu. Nafsi ikaninong'oneza: nyamaza, dawa kwaheri, baiskeli karibu. Mke wangu akakohoa. Mke wangu hana kikohozi.

Nikamtazama. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Daktari, weka kalamu kwanza," nikasema. "Huyo ana mwenzake."

Nikafungua kompyuta yangu mezani pake. Njano nikaifanya nyekundu, nusu nikaifanya nne, nukta nikaziunganisha. Nikaendesha programu, na mstari ukachomoza kule juu, mia moja sabini na kitu, mnene kama nyoka aliyeshiba.

Daktari akanigeukia. "Ulitaka kunificha, mzee?"

"Sikuficha. Nilinong'ona."

"Ningekuua kwa kalamu hii!"

Dawa akaziongeza badala ya kuzisimamisha. Baiskeli, miezi miwili marufuku.

Tukarudi kwa miguu, mke wangu akitangulia bila kugeuka. Jioni akanivalisha mkanda wa kupimia mwenyewe, akasoma: mia moja sabini na mbili. Nikaiandika kwenye programu, mstari ukasogea.

"Unaonekana vizuri?" nikauliza.

Akavua miwani, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akakodoa macho.

"Ongeza unene," akasema.

Nikaongeza.