Shemeji Jukwaani

Shemeji yangu alitokea jukwaani peke yake, amevaa jezi kuukuu ya timu yetu, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kutukodolea macho kana kwamba sisi ndio mechi. Watu wakacheka. Mimi nilikunja mikono.

Sikwenda pale kuburudika. Wenzangu wa tawi la mashabiki walishanusa kwamba mchezo ule wa mtu mmoja ulitungwa kutudhihaki, na kwa kuwa mtunzi ni mdogo wa mke wangu, wakanituma mimi, mwenyekiti wao, nikahakikishe. Mke wangu alikuwa ameshakata tiketi mbili kabla sijamwambia lolote, na hilo nalo lilinitia shaka. Wiki nzima nilikuwa nikimsikia akicheka na mdogo wake kwenye simu. Mimi ni fundi majokofu; mlio nisiouelewa haunipi usingizi.

"Mwenyekiti, kunjua uso," mke wangu aliniambia. "Ni mchezo tu."

"Tutaona."

Nusu saa ya kwanza sikupata cha kumshtakia shemeji. Alimtukana mwamuzi, akabishana na ukuta, na timu ilipofunga akamkumbatia mtu asiyekuwepo. Halafu akasema polepole kwamba tangu utotoni hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kumkumbatia, na huyo hata jina lake hakulijua. Ukumbi ukatulia. Nilikohoa makusudi, maana utulivu ule ulikuwa unanisogelea.

Kisha ikaja ile fainali ya miaka kumi na moja iliyopita, tukafungwa. Shemeji akaenda kona ya jukwaa iliyokuwa na bomba na ndoo: bafuni kwake. Akafungulia maji kwa nguvu. Akachukua taulo, akaliuma, akalia mabega yakimtetemeka, sauti haisikiki. Alipomaliza akanawa uso, akafunga maji, akatoka anapiga mluzi.

Damu ilinipanda kichwani. Maji yale nayajua. Taulo lile nalijua, hata ladha ya sabuni yake. Siku ya fainali ile nyumbani tulikuwa wawili tu, na huyo wa pili alikuwa amekaa kando yangu, ametulia kama mtu asiye na hatia. Niliona amenivua nguo mbele ya watu mia mbili.

Nilimwinamia. "Umemwambia."

"Nimemwambia nini?"

"Usijifanye hujui. Ya bafuni. Maji, taulo, kila kitu."

Aligeuka taratibu, nami nikaona hana habari. Uso ule hauigizwi, hata mdogo wake asingeuweza. Safu ya mbele yetu, bwana mmoja mwenye shingo nene naye alikuwa amemwinamia mkewe, akimnong'oneza kwa hasira, na mkewe akimshangaa vilevile. Nilifumba mdomo, lakini nilikuwa nimechelewa. Nilikuwa nimejitaja mwenyewe.

"Uliniambia unaoga," alisema.

Niligeuza macho jukwaani.

"Ilikuwa mwezi mmoja tangu tumzike mtoto wetu." Alisema hivyo bila kunitazama. "Makaburini hukutoa chozi. Nyumbani hukutoa chozi. Ukarudi kwenye majokofu yako siku ya tatu. Nikajiambia nimeolewa na jiwe, na miaka kumi na moja nimelipikia jiwe hilo."

Jukwaani shemeji alikuwa ameanza kutania tena, watu wanacheka. Niliona aibu, lakini si ile ya kuvuliwa nguo. Miaka yote hiyo nilijua ananihesabia kosa fulani, nami nilikuwa nikimshuku kila anaponyamaza, bila hata siku moja kumuuliza.

"Timu ndiyo uliyoililia?" aliuliza.

Kusema ndiyo kungekuwa rahisi. Angenicheka, tungetoka pale mume na mke kama tulivyoingia, na tawi lingepata ripoti yake. Nikatikisa kichwa kukataa.

Alinitazama kwa macho ya mtu anayepima kama anadanganywa tena. Watu wakapiga makofi, sisi hatukupiga.

"Siku ile nilikuwa jikoni," alisema hatimaye. "Nikilia kwa sauti. Nilidhani maji yale yananificha mimi."